Kosa la Kunyamaza

Mirek, fundi wa mapaa, anayelala sasa
katika chumba nilicholala miaka mitatu,
alinigongea Jumapili, kofia imelowa,
mkononi kopo la biskuti.
Dereva teksi wa pale kona ndiye aliyemwelekeza.
"Nilidhani utapita kuzichukua," alisema.
"Halafu ikaja hii yenye wino mwekundu."
Nikamkaribisha chai, akakataa,
akaondoka na mvua ya Halifax
ikimfuata mtelemkoni kama mdai.

Nikazipanga mezani kwa tarehe, kama karata.
Ya kwanza inauliza kwa adabu: nani alikuwa usukani,
tarehe tisa Novemba, saa kumi na dakika sita alfajiri,
maili thelathini na nane palipoandikwa thelathini?
Ya pili inauliza tena.
Ya tatu imeacha kuuliza.
Ya nne inaniita.
Ya tano inasema nimeitwa, sikuitika,
hakimu akaketi peke yake na karatasi zangu
akanihukumu: pauni elfu moja na kumi na nne,
pointi sita kwenye leseni,
wala si kwa mwendo.
Kwa kunyamaza.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, nilifunzwa.
Sikuambiwa kuwa mshindo wenyewe
waweza kukaa koponi miezi saba,
mitaa miwili tu kutoka kwangu, kando ya chumvi.

Mimi niliyehama na mabegi mawili na sufuria,
nikabadilisha anwani benki, kwa daktari,
maktaba hata,
nikaisahau kadi ya gari
drooni, chini ya risiti za fedha za nyumbani.

Tarehe tisa Novemba.
Nilianza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.
Ni usiku ule kengele ya Bi Edna Sugden ilipolia
na zamu ilikuwa yangu.
Barabara tupu, taa zote kijani,
mwanga mmoja mweupe nyuma yangu
nikaudhani radi.
Nilimkuta chini kando ya kitanda, kashika slipa moja.
Akaniuliza kama paka amekula.
Nikamwambia amekula.
Watu wa ambulensi waliwasili
yeye amekwisha nyamaza.

Na chini kabisa ya kopo, bahasha ndogo,
mwandiko wa mkono, haikutoka serikalini:
"Mama alikuwa akikutaja. Maziko ni Ijumaa, saa tano.
Tumekuwekea kiti."
Ijumaa ya Novemba.
Nje, watoto wa jirani walikuwa wanamwagiana maji ya Juni.

Mahakamani Bradford, karani alilivunja jina langu:
Mwana, akapumua, Hamisi.
Akanitolea msahafu kabatini, umefungwa kitambaa safi,
nikaapa kwamba sikujua.
Neno moja tu, na hukumu ikafutika.
"Basi turudi mwanzo," akasema wakili wao,
mafua yamembana, mkoba umemjaa watu kama mimi.
"La kunyamaza tutaliacha, ukikiri la mwendo."

Nani alikuwa usukani?
Swali lile lile. Safari hii limenikuta.
Mimi, nikasema.
Una la kujitetea?
Ningeweza kuiweka slipa ile mbele yao,
na paka, na saa kumi na dakika sita.
Nilimtazama hakimu, mama wa makamo,
miwani imening'inia kwa uzi,
pengine angelainika.
Nikasema, sina.
Kile kimya cha kwanza nilibambikiwa.
Hiki changu.

Pointi tatu. Pauni zilizobaki nalipa kwa mwezi.
Jana nilinunua stempu mbili.
Moja ya kadi ya gari, iende Swansea
ikaseme ninakaa wapi.
Ya pili ya binti wa Edna, barua isiyo na fomu,
nimeiandika mara nne, yote mistari mitatu.
Anwani nimeinakili nyuma ya bahasha yake.
Sijui kama bado anakaa pale.